Kifafa na Dawa Yake ya Kila Siku

Miongoni mwa maradhi yatiayo hofu majumbani mwetu, ni machache yanayotisha kama kifafa. Homa humpa mtu nafasi ya kujilaza. Kifafa humkuta kisimani, jikoni, au katikati ya safu ya Sala, kikamwangusha mbele ya macho ya watu hata asiwahi kushika ukuta. Na kwa kuwa anayeanguka hutokwa na povu, na pengine hujikojolea, basi watu humkimbia, na akiinuka humnong'ona. Leo tumeazimia kuzungumza na wasomaji wetu, wazee na vijana, si juu ya kifafa chote, kwani jambo lenyewe ni refu, bali juu ya dawa yake, na hasa juu ya swali moja ambalo huulizwa mara nyingi, na ambalo sisi wenyewe siku moja tulilijibu vibaya: Dawa isiyoondoa maradhi, yafaa nini?

Tulikuwa na mwanafunzi chuoni kwetu, mtoto wa kiume wa miaka kumi, mwepesi wa kuhifadhi, aliyekuwa amekwisha ingia Juzuu ya Tabaraka. Siku moja baada ya Alasiri aliacha kusoma katikati ya aya, shingo ikampinda, akaanguka juu ya mkeka huku akitikisika mwili mzima. Wenziwe wote walitoka mbio. Sisi, Mungu atusamehe, tulifanya mambo mawili tuliyoyaona kwa wazee wetu: tulimkamata mikono kwa nguvu ili atulie, na tukamtia kijiko baina ya meno. Jino moja likavunjika. Mambo yote mawili ni makosa, nasi hatukuyajua kuwa ni makosa ijapokuwa ndevu zetu zilikuwa zimekwisha ingia mvi.

Mamake alikuwa amehangaika naye tangu zamani. Mtoto alikuwa amekunywa makombe, amefukizwa, amepelekwa mahali akapigiwa ngoma usiku kucha. Mwishowe alimpeleka hospitali, na tabibu akampa vidonge, kimoja kila usiku. Ikapita miezi minane mtoto asianguke hata mara moja. Akasoma, akacheza, uso ukarudi kuwa wa mtoto. Ndipo babake alipotujia barazani akasema: "Maalim, mwanangu amepona, alhamdulillahi, lakini wale wa hospitali wasema aendelee kumeza tu. Kama dawa yao ni ya kweli, mbona haijamaliza ugonjwa? Na kama haimalizi, si nauli yangu inapotea bure?"

Tulimjibu: "Bwana, ukimwona mwana mzima mshukuru Mungu, umpumzishe na vidonge."

Vidonge vikawekwa juu ya kabati. Siku ya nane mtoto alianguka asubuhi, akaanguka tena kabla ya kupata fahamu, na mara ya tatu alikuwa karibu na mafiga yenye uji. Mkono wake wa kulia uliungua. Vidole viwili havikunjuki hata leo, na ubao wake huandika kwa mkono wa kushoto. Yeye hajapata kutulaumu. Huenda hajui kuwa neno lile lilitoka kwetu. Babake anajua.

Tangu siku ile tulifanya kazi ya kuuliza. Tulikwenda kwa tabibu yule yule, tukakaa kitako mbele yake kama wanafunzi, na haya tuyaandikayo mengi yametoka kwake na katika vitabu alivyotuonyesha.

Bongo la mwanadamu hufanya kazi kwa nguvu ndogo ndogo mfano wa umeme, zinazopita baina ya chembe zake zisizo na idadi. Tabibu wa Kijerumani, Hans Berger, ndiye wa kwanza aliyeziandika nguvu hizo kutoka kichwani mwa mtu kwa chombo, mwaka 1924, na habari zake akazitangaza mwaka 1929. Katika hali ya uzima kila upande wa bongo una shughuli yake: huu waona, huu wasikia, huu waongoza mkono. Sisi twaufahamu mfano huu kwa chuo. Mwenye kupita njiani husikia kelele, lakini kwa kweli kila mtoto anasoma mahali pake. Huyu yumo katika alifu, huyu katika Amma, na kazi inakwenda. Sasa fikiri watoto wote waache walichokuwa wakisoma, wapige ukelele mmoja kwa pamoja, kwa pigo moja, tena na tena. Hapo hapana asomaye wala asikiaye. Hicho ndicho kifafa. Chembe nyingi za bongo hupiga pamoja, na mwili ukafuata.

Dawa ya kifafa ni kama mwalimu anayesimama mlangoni. Haiwafukuzi watoto wala haiondoi sababu iliyowafanya wapige kelele. Yawatuliza tu, ili ukelele usienee kutoka kwa mmoja kwenda kwa wote. Mwalimu akiwapo, masomo yanaendelea. Akitoka ghafula, ukelele warudi, na mara nyingi warudi mkubwa kuliko wa kwanza. Basi lile swali la babake mtoto lilikuwa na jibu jepesi, lau tungelijua: mtoto hakuwa amepona, alikuwa amezuiliwa kuanguka; na kuzuiliwa kuanguka ndiko kulikomwezesha kusoma, kulala, na kukaa karibu na moto kwa salama.

Na wala asidhani mtu kuwa hii ni dawa ya kubahatisha. Vidonge alivyopewa mtoto wetu vyaitwa fenobabitali. Mwaka 1912 tabibu mwingine wa Kijerumani, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa wake wa kifafa dawa hiyo, ambayo ilikuwa ikitumika kwa kuleta usingizi, akaona kuwa maanguko yao yamepungua. Hata leo, baada ya miaka zaidi ya mia, ingali inatumika, kwa kuwa ni rahisi bei na yatosha kumezwa mara moja kwa siku. Mwaka 1938 Marekani, Houston Merritt na Tracy Putnam walitangaza nyingine, fenitoini. Na baadaye zikaja kabamazepini, valproeti na nyinginezo. Zote hizo, pamoja na tofauti zake, kazi yake ni moja: kuzuia maanguko. Hapana hata moja katika hizo iondoayo asili ya maradhi.

Tena hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 tabibu mwanamke aliyezaliwa Norway, Louise Jilek-Aall, alifika Mahenge, katika milima ya Wapogoro kusini ya Tanganyika. Aliwakuta wagonjwa wa kifafa wengi mno kupita kawaida. Watu waliogopa mate yao wakidhani yaambukiza, basi mgonjwa alilishwa peke yake, akalazwa peke yake. Na akianguka motoni hapakuwa na wa kumtoa. Wengi walikuwa na makovu makubwa ya moto. Aliwafungulia kliniki, akawapa fenobabitali ile ile, na habari za kazi yake akaziandika mwaka 1965. Watu walipoona kwamba fulani haanguki tena, ndipo walipothubutu kula naye sahani moja. Tulipoisoma habari hiyo tulikumbuka namna wanafunzi wetu walivyotoka mbio, na kuwa siku zile hata sisi hatukuwaeleza kwamba povu la mwenzao ni mate tu, wala kifafa hakimpati mtu kwa kuguswa.

Sababu za kifafa ni nyingi. Wako wanaozaliwa kwa shida, kichwa kikadhurika. Wako walioumwa malaria kali ya kichwa au homa ya uti wa mgongo utotoni. Wako walioanguka wakaumia. Na wengi sababu yao haijulikani. Kule Mahenge wataalamu wa siku hizi wanaona uhusiano mkubwa baina ya kifafa na ugonjwa wa usubi, uletwao na inzi mdogo mweusi wa mito iendayo kwa kasi. Iko na sababu moja ambayo yatupasa sisi Waislamu tuisikilize bila ya kiburi. Mnyoo wa nguruwe huingia katika bongo na kuleta kifafa, na wengi wetu tukisikia hivyo husema, "Hayo si yetu, sisi hatuli nguruwe." Lakini kinacholeta madhara bongoni ni mayai ya mnyoo huo, nayo hutoka katika choo cha mtu mwenye mnyoo, yakaingia katika maji, katika mboga mbichi, na katika mikono isiyooshwa. Asiyegusa nguruwe maisha yake yote aweza kupatwa kwa mkono wa mpishi wake.

Sasa twaja kwenye jambo ambalo wengi hulileta kuwa hoja ya kuacha dawa. Imepokewa na Bukhari na Muslim, kwa Ataa bin Abi Rabaah kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), habari ya mwanamke mweusi aliyemwendea Mtume (s.a.w.), akamshitakia kuwa anapatwa na kifafa, na kuwa akianguka mwili wake hufunuka, akataka aombewe. Mtume akamhiyarisha: akitaka asubiri apate Pepo, na akitaka atamwombea Mungu amponyeshe. Mwanamke akachagua kusubiri. Lakini akaomba aombewe asiwe akifunuka anapoanguka, na Mtume akamwombea hilo.

Wako wanaosema, "Mnaona? Aliambiwa asubiri." Sisi si mafakihi wa kutoa hukumu mpya, lakini mambo mawili yako wazi kwa kila asomaye hadithi hiyo mpaka mwisho wake. La kwanza, yule bibi alichagua mwenyewe, kwa akili yake timamu, na mbele yake alikuwapo Mtume wa Mungu aliyemdhaminia malipo. Mtoto wa miaka kumi hakuchagua, wala sisi hatuna Pepo mkononi ya kumdhaminia. Vipi basi tumchagulie subira sisi, halafu aungue yeye? La pili, na hili tuliliona baada ya kuisoma hadithi hiyo miaka mingi bila ya kuliona: yule bibi aliyaacha maradhi mahali pake, akaomba aondolewe adha ya maradhi. Hakuambiwa kuwa ombi lake ni dogo, wala kuwa maadamu asili ya ugonjwa ipo basi haifai kitu kulizuia lile linalomdhili. Aliombewa. Mwenye kumeza kidonge ili asianguke mbele za watu yu karibu sana na haja ya bibi yule. Na Mabedui walipouliza kama wajitibu, Mtume aliwaambia wajitibu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuleta maradhi ila aliyaletea dawa, isipokuwa uzee. Hadithi hiyo ni ya Usama bin Shariik, wameipokea Abu Daud na Tirmidhi.

Kuhusu majini, tunajua kuwa msomaji ametungojea hapo. Hatukanushi yaliyomo katika dini. Lakini Ibn al-Qayyim, ambaye hapana anayeweza kumtuhumu kuwa alifuata Wazungu, aliandika kuwa kuanguka ni kwa namna mbili: kuna kutokanako na pepo waovu, na kuna kutokanako na maradhi ya mwili, ambako ndiko wazungumzako matabibu. Na Ibn Sina kabla yake alikiweka kifafa katika mlango wa maradhi ya kichwa. Basi anayesema kila aangukaye ana jini amewaacha wanachuoni wetu wenyewe. Msomee mgonjwa Qur'ani, mwombee dua, hayo ni mema na hayagombani na dawa. Lakini kumpiga ili jini atoke, kumziba pumzi kwa moshi, au kumwambia mama atupe vidonge ndipo azima ifanye kazi, hayo hayamo katika dini, na tumeyaona yakidhuru.

Mtu akianguka mbele yako, uondoe moto, visu na mawe karibu naye, umwekee kitu laini chini ya kichwa, umlegeze ukosi na mkaja. Usimkamate kwa nguvu, wala usimtie kitu chochote mdomoni, si kijiko, si kitambaa, si maji, si dawa. Mtetemeko ukipungua mgeuze ubavu ili mate yatoke asipaliwe, ukae naye hata fahamu zimrudie, kwani huamka amechoka na hajui alipo, na sauti ya upole humfaa sana wakati huo. Tazama saa. Maanguko mengi huisha kwa dakika mbili au tatu. Yakipita dakika tano, au yakifuatana kabla hajazinduka, mpeleke hospitali upesi, kwani hiyo ni hatari ya roho. Na mtoto mchanga mwenye homa anayetetemeka, jambo ambalo mabibi zetu huliita degedege na kulihusisha na ndege wa usiku, naye apelekwe hospitali bila ya kungoja. Huenda ni malaria imepanda kichwani. Ile kauli kuwa mwenye degedege akichomwa sindano hufa imewaua watoto wengi kuliko sindano. Kwa upande wa ibada, aliyeanguka akapoteza fahamu udhu wake umetanguka, na kuoga anapozinduka ni sunna.

Kwenye kumeza dawa, shida kubwa si siku za ugonjwa, ni siku za uzima. Mtu hukaa miezi bila ya kuanguka akajiona kapona, akaacha siku mbili, kisha wiki. Dawa ya kifafa haiachwi ghafula kwa hali yoyote. Wako ambao, baada ya miaka miwili au zaidi bila ya kuanguka, tabibu huwapunguzia kidogo kidogo hata wakaacha, na katika hao wako wasioanguka tena. Lakini ni tabibu apimaye, si baba wa mtoto wala maalim wake. Shirika la Afya Duniani lasema watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na kwamba hata 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila ya kuanguka lau wangepata uchunguzi na dawa ipasavyo. Na katika nchi maskini kabisa, watatu katika kila wanne hawapati matibabu wanayohitaji. Wale 30 waliobaki tusiwafiche ukweli: kwao dawa hupunguza tu, na pengine haipunguzi sana, nao ndio wanaohitaji zaidi kuangaliwa na jamaa zao.

Dawa hizi zina madhara yake pia, na tabibu asiyeyataja aulizwe. Fenobabitali huleta usingizi, na watoto wengine huwafanya wakorofi na wasahaulifu. Tulimwona wetu akisinzia juu ya ubao wiki za mwanzo, tukamwacha asinzie. Fenitoini yaweza kuvimbisha ufizi. Mwenye kutokwa na vipele mwilini baada ya kuanza dawa mpya arudi hospitali siku hiyo hiyo. Na valproeti yaweza kumdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo binti au mke mwenye kifafa amweleze tabibu mapema kuwa anataka kuolewa au kuzaa, ili atafutiwe inayomfaa, wala asiache kwa siri akishika mimba. Kuficha huku ndiko kunakotusikitisha. Wazazi humficha binti mwenye kifafa mpaka siku ya harusi, vidonge vinabaki kwa mamake, na bibi harusi anaanguka nyumba ya watu katika siku saba za fungate.

Mwezi wa Ramadhani hutuletea maswali kila mwaka. Anayemeza mara moja usiku hana tatizo la saa, na fenobabitali hukaa mwilini siku kadhaa, haitoki kwa mchana mmoja. Anayemeza mara mbili, mara nyingi huwezekana iwe futari na daku. Anayemeza mara tatu amwone tabibu katika Shaabani, kabla ya mwezi kuandama, wala asijipangie mwenyewe. Lakini si kidonge tu. Kukosa usingizi huleta maanguko kwa wengi, na sisi Ramadhani twakesha. Mwenye kifafa asali Tarawehe yake akalale, aamshwe kwa daku. Na tabibu akimwambia asifunge, ruhusa ya mgonjwa imo katika Sura ya Albaqara, aya ya 184 na 185. Kama ugonjwa wake hautarajiwi kuondoka, amwulize mwanachuoni juu ya fidia ya kulisha maskini kwa kila siku. Tumemwona kijana mmoja akilia kwa kuwa wenzake wanafunga naye hafungi. Tulimwambia kuwa Aliyefaradhisha Saumu ndiye Aliyetoa ruhusa.

Yule mwanafunzi wetu sasa ana miaka kumi na minne. Humeza kidonge chake baada ya Isha, na babake ndiye anayesimama kumtazama akimeza, kila usiku, hata akiwa na wageni. Mafiga yameinuliwa juu ya matofali. Kisimani haendi peke yake, wala minazi hapandi, jambo linalomuudhi kuliko yote. Chuoni amekaa karibu na mlango, mbali na ngazi, na wanafunzi wakubwa wawili wamefundishwa la kufanya. Ameanguka mara mbili katika miaka mitatu, mara zote mbili dawa ilipokuwa imekwisha katika zahanati ya karibu. Tangu mara ya pili babake huenda kuchukua vidonge vipya vikiwa vimebaki vya siku kumi, na akikosa hapo, anazo siku kumi za kutafuta pengine.